Chanjo inayofanya kazi tumboni mwa kupe: jibu kuhusu protini ya OspA na ugonjwa wa Lyme

Msomaji mmoja aliye mwaka wa mwisho wa masomo ya maabara ya tiba ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba chanjo ya ugonjwa wa Lyme ilitengenezwa kutokana na protini ya juu ya bakteria iitwayo OspA. Kurasa chache mbele, kitabu hichohicho kinasema bakteria akiingia mwilini mwa binadamu huwa ameshaacha kuitengeneza OspA. Sasa kingamwili za chanjo zinamkamata nani? Na kama chanjo ilifanya kazi, kwa nini iliondolewa sokoni? Halafu mtu aliyechanjwa, majibu yake ya maabara yanasomwaje?"

Marahaba. Kitabu chako hakijajipinga, maelezo yote mawili ni ya kweli. Kingamwili za OspA zinamkamata bakteria akiwa bado ndani ya kupe, kabla hajavuka kuja kwa mtu. Kupe anayenyonya damu ya mtu aliyechanjwa anazimeza kingamwili pamoja na damu, na bakteria wanashambuliwa humohumo tumboni mwake. OspA ni protini ya maisha ya bakteria ndani ya kupe. Ukilishika hilo, mambo mengine uliyouliza, hata lile la soko, yanajieleza.

Tuanze na bakteria mwenyewe anayeleta ugonjwa huu. Borrelia burgdorferi ni mwembamba sana, amejisokota, na urefu wake ni maikromita 10 hadi 30 hivi. Katikati ya miaka ya 1970 watoto wengi wa mji wa Lyme na maeneo ya jirani, jimbo la Connecticut nchini Marekani, walionekana kuvimba viungo kwa namna isiyo ya kawaida, lakini chanzo hakikujulikana. Mwaka 1981 Willy Burgdorfer, akifanya kazi katika maabara ya Hamilton, Montana, aliwapasua kupe waliokusanywa Shelter Island, New York, akakuta viumbe hawa tumboni mwao. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1982. Tumboni, angalia. Tangu siku ya kwanza bakteria huyu alionekana mahali ambapo OspA ina kazi.

Bakteria wengi wenye utando wa nje huwa wameujaza lipopolisakaridi, yaani molekuli za mafuta na sukari. Borrelia hana. Nafasi hiyo ameijaza lipoprotini, yaani protini ambazo ncha yake moja imeunganishwa na mafuta. Mafuta hayo huzama ndani ya utando na kuishikilia protini, huku sehemu kubwa iliyobaki ikikaa nje, wazi kwa kila kinachopita. OspA ni mojawapo. Ina asidi amino 273, uzito wake ni kilodaltoni 31 hivi, na jeni yake haiko kwenye kromosomu bali kwenye plazimidi, yaani kipande cha DNA kilicho kando ya kromosomu, nayo ni nyoofu na inaitwa lp54. Plazimidi nyoofu si jambo la kawaida kwa bakteria, na hata kromosomu ya Borrelia ni nyoofu.

Umbo la OspA lilichapishwa mwaka 1997, na mimi huwa sichoki kulionyesha darasani. Protini nyingi hujikunja ili sehemu zinazokwepa maji zijifiche katikati, na kiini hicho kikavu ndicho kinachoipa protini uthabiti. OspA ina nyuzi za beta 21, yaani vipande vya mnyororo vilivyonyooka, zilizopangwa ubavu kwa ubavu moja baada ya nyingine, na helisi moja tu ya alfa, yaani kipande kilichojisokota, mwishoni. Kwenye ncha zote mbili nyuzi zimejikunja zikatengeneza kiini cha kawaida, lakini katikati kuna kipande cha nyuzi kilichosimama peke yake, tabaka moja, kikiguswa na maji pande zote mbili. Kwa kanuni tunazofundisha, kipande hicho hakikupaswa kusimama, nacho kimesimama imara. Kingamwili zenye nguvu zaidi za kumzuia bakteria hushika ncha ya mbali, ile iliyo upande wa mwisho wa mnyororo wa asidi amino, mbali na utando. Ikumbuke ncha hiyo, nitairudia.

Allan Barbour na wenzake waliitambua OspA mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu bakteria anayeoteshwa maabara huitengeneza kwa wingi mno. Ukipitisha protini za bakteria huyo kwenye jeli inayozitenganisha kwa uzito, mstari wake ni miongoni mwa ile mizito kabisa. Wakati ule ilikuwa rahisi kudhani kwamba hiyo ndiyo sura anayoonekana nayo kila mahali. Kumbe sura ya kwenye chupa ya maabara ilifanana zaidi na ya bakteria aliyetulia ndani ya kupe kuliko ya yule aliye ndani ya mgonjwa. Dalili ilikuwepo: wagonjwa wengi wa Lyme katika miezi ya mwanzo walikuwa na kingamwili kidogo sana za OspA, au hawakuwa nazo kabisa. Mwili hauwezi kutengeneza kingamwili dhidi ya kitu ambacho haukuonyeshwa.

Sasa ingia tumboni mwa kupe. Nchini Marekani anayeambukiza zaidi ni Ixodes scapularis, na Ulaya ni Ixodes ricinus. Kupe hutoka kwenye yai akiwa, kwa kawaida, hana Borrelia. Anaipata akiwa lava, anaponyonya damu ya mnyama mwenye maambukizi, hasa panya wa mwituni wa miguu myeupe kule mashariki mwa Marekani. Kisha anajibadilisha kuwa tunutu, na anaweza kukaa miezi mingi bila kula. Miezi yote hiyo bakteria wamejibana kwenye ukuta wa utumbo wake, na wameshikilia kwa OspA. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliitambua protini ya upande wa kupe inayoshikana na OspA, wakaiita TROSPA. Walipoizuia, bakteria walishindwa kukaa vizuri utumboni.

Tunutu ana urefu usiozidi milimita 2. Akimpata mtu huzamisha mdomo kwenye ngozi na kunyonya kwa siku tatu hadi tano. Damu moto inapoingia, utumbo uliokuwa na baridi ya mazingira unapanda joto kuelekea nyuzi 37, uasidi unabadilika, na chakula kinakuwa tele. Bakteria wanayahisi hayo yote. Mlolongo wa protini zinazoamuru jeni, RpoN na RpoS, unawashwa. Jeni ya OspA inazimwa polepole na ya protini nyingine, OspC, inafunguliwa. Tom Schwan na wenzake, katika maabara ileile ya Montana, walilionyesha hili mwaka 1995: kwa kupe mwenye njaa bakteria wana OspA, na kwa kupe anayekula OspC inajitokeza. Kwenye chupa nako, joto la nyuzi 24 halikuileta OspC, ila la nyuzi 32 hadi 37 liliileta.

Mabadiliko haya hayafanyiki kwa dakika. Bakteria wanazaliana tumboni hadi kuzidi 100,000, wanabanduka ukutani, wachache wao wanapenya kwenda kwenye tezi za mate, na kutoka hapo wanaingia kwenye ngozi pamoja na mate. Safari hiyo, kwa kupe wa Marekani, kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 24, mara nyingi 36 hadi 48. Kwa hiyo kumng'oa kupe mapema ni kinga ya kweli. Na ni katika saa hizohizo kingamwili za chanjo zinapata nafasi: zinafika na damu ya kwanza kabisa, wakati bakteria bado wamejaa OspA na hawajaanza kuondoka.

Kama bado una shaka kwamba OspA ni ya kupe na OspC ni ya mnyama, kuna majaribio mawili yanayotazamana. Mwaka 2004 walitengenezwa bakteria wasio na OspA wala jirani yake OspB. Walipodungwa panya, waliambukiza na kuleta ugonjwa kama kawaida, lakini hawakuweza kujikita kwenye utumbo wa kupe. Mwaka huohuo walitengenezwa wengine wasio na OspC. Hao waliishi ndani ya kupe bila shida, ila walishindwa kumwambukiza panya. Mimi katika sayansi hii yote sijui ushahidi unaoridhisha kuliko huo, maana kila upande unauthibitisha mwenzake.

OspC yenyewe nitaipitia kwa kifupi. Ni ndogo zaidi, jeni yake iko kwenye plazimidi ya duara iitwayo cp26, na inahitajika mwanzoni tu mwa maambukizi. Hushikana na protini ya mate ya kupe iitwayo Salp15, na hilo humpa bakteria kificho dhidi ya kingamwili. Wiki chache baadaye mwili unatengeneza kingamwili nyingi dhidi ya OspC, naye bakteria anaizima hiyo pia. Anabaki na VlsE, protini anayoibadilisha kila mara kwa kunakili vipande kutoka akiba ya jeni 15 zilizo kimya, hivyo kingamwili za juzi hazimtambui wa leo. Ungeweza kuuliza kwa nini chanjo isilenge OspC. Tatizo ni kwamba OspC hutofautiana mno kati ya aina moja ya bakteria na nyingine, na kinga dhidi ya aina moja mara nyingi haizuii jirani yake. Chanjo za mbwa zipo zilizounganisha vipande vya aina nyingi za OspC, lakini kwa binadamu njia iliyofika mbali ni ya OspA.

Historia ya njia hiyo ilianzia Yale. Mwaka 1990 Erol Fikrig, Stephen Barthold, Fred Kantor na Richard Flavell walionyesha kwamba panya waliochanjwa kwa OspA hawakuugua walipodungwa bakteria. Hadi hapo ilionekana ni chanjo ya kawaida. Lakini bakteria wale walikuwa wametoka kwenye chupa, wakiwa wamejaa OspA. Mwaka 1992 kundi hilohilo liliwapandikiza panya waliochanjwa kupe wenye maambukizi, kisha likawapasua kupe baada ya kushiba. Bakteria walikuwa wameangamizwa ndani ya kupe. Baadaye, mwaka 1995, Barthold na wenzake walichukua bakteria waliokwisha kuzoea mwili wa panya, yaani walioacha kutengeneza OspA, wakawahamishia panya waliochanjwa kwa kupandikiza ngozi. Kinga haikusaidia kitu. Hapo ndipo swali lako la kwanza lilipopata jibu lake.

Sasa yaangalie matokeo yake kwa daktari anayechanja. Chanjo nyingi hutegemea kumbukumbu ya mwili: hata kingamwili zikipungua, seli za kumbukumbu huamka vimelea vikiingia, na ndani ya siku chache zinajaza damu upya. Tumboni mwa kupe hakuna seli zako za kumbukumbu. Kuna kile tu alichokimeza. Kama siku anapokuuma kiwango cha kingamwili damuni ni kidogo, mwili hauwezi kurekebisha mambo baadaye, kwa kuwa bakteria atakayevuka hatakuwa tena na OspA ya kuamsha kumbukumbu. Kwa sababu hiyohiyo kuumwa na kupe wengi hakukuongezei kinga hii. Kiwango lazima kiwe juu kabla ya msimu wa kupe, na kidumishwe kwa dozi za nyongeza.

Chanjo ya LYMErix ya kampuni ya SmithKline Beecham ilikuwa OspA ya aina moja, iliyotengenezwa kwa kutumia bakteria E. coli. Ilitolewa kwa dozi tatu: ya kwanza, nyingine baada ya mwezi, na ya tatu baada ya miezi 12. Jaribio lake lilichukua watu 10,936. Mwaka wa kwanza, baada ya dozi mbili, ilizuia asilimia 49 ya ugonjwa wenye dalili uliothibitishwa, na mwaka wa pili, baada ya dozi ya tatu, asilimia 76. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliipa kibali Desemba 1998. Februari 2002 kampuni iliiondoa, ikisema mauzo ni duni.

Mauzo hayo yalikuwa na sababu zake, na hapa naomba uwe mwangalifu kwa sababu habari hii husimuliwa kwa haraka. Baadhi ya wagonjwa wa Lyme hupata uvimbe wa goti usioisha hata baada ya antibiotiki, na wengi wa hao wana kingamwili za OspA, zinazotokea kwa kuchelewa. Mwaka 1998, mwaka uleule wa kibali, utafiti ulionyesha kwamba kipande cha OspA, asidi amino ya 165 hadi ya 173, kinafanana na kipande cha LFA-1, protini ya binadamu iliyo juu ya seli nyeupe za damu. Asidi amino tisa tu. Dhana ikawa kwamba kwa watu wenye jeni fulani za kinga, seli T, aina ya seli nyeupe za kinga, zilizozoezwa kuishambulia OspA zingeweza kugeukia mwili wenyewe. Ilikuwa dhana ya kisayansi halali, na waliochunguza hawakukosea kuuliza.

Kisha baadhi ya waliochanjwa walilalamika kwamba viungo vinauma, vyombo vya habari vikaandika, kesi zikafunguliwa mahakamani. Ulinganisho wa kwenye jaribio haukuonyesha kwamba waliochanjwa walipata uvimbe wa viungo zaidi ya wale waliopewa dawa bandia. Mamlaka nayo ilipopitia taarifa baada ya dozi zipatazo milioni 1.4 kusambazwa, haikuona ongezeko. Watafiti wengi leo hawaamini kwamba kufanana kwa vile vipande ndiko kunakoleta goti lisilopona. Lakini chanjo tayari ilikuwa na mizigo mingine: ratiba ya mwaka mzima, nyongeza ambazo hazikujulikana zitahitajika mara ngapi, kibali cha watu wa miaka 15 hadi 70 pekee huku watoto wakiwa miongoni mwa wanaoambukizwa zaidi, na ushauri rasmi uliosema tu kwamba watu wa maeneo ya hatari wanaweza kuifikiria. Nasikitika kila ninapoliandika hili. Mbwa wameendelea kuchanjwa kwa OspA miaka yote hiyo, huku watu wakibaki bila chanjo.

Kazi haikuishia hapo. Chanjo mpya ya kampuni za Valneva na Pfizer, iitwayo VLA15, inatumia ile ncha ya mbali niliyokuambia uikumbuke, si OspA nzima, na kile kipande kinachofanana na LFA-1 kimebadilishwa. Imeunganisha aina sita za OspA badala ya moja, kwa sababu Ulaya ugonjwa huletwa pia na Borrelia afzelii, Borrelia garinii na Borrelia bavariensis, ambao OspA zao zinatofautiana na ile ya Marekani. Jaribio la awamu ya tatu lilianza mwaka 2022 Marekani na Ulaya, na lilijumuisha watoto kuanzia miaka 5. Ratiba ni dozi tatu za mwanzo, kisha nyongeza mwaka unaofuata kabla ya msimu wa kupe. Wewe sasa unajua kwa nini imepangwa hivyo.

Kuna pia waliopeleka OspA kwa panya wa mwituni. Katika majaribio ya Connecticut yaliyochapishwa mwaka 2004, panya wa miguu myeupe walikamatwa, wakachanjwa, wakaachiwa, na mwaka uliofuata kiwango cha maambukizi kwa tunutu wa eneo hilo kilishuka. Hakikuisha, maana wanyama wengine pia hubeba bakteria, lakini wazo ni lilelile la kumfikia bakteria tumboni mwa kupe.

Swali lako la mwisho ndilo litakalokukuta kazini. Kipimo cha ELISA, kinachotafuta kingamwili kwenye damu, kikitumia bakteria mzima aliyesagwa huwa na OspA nyingi ndani yake, kwa sababu bakteria huyo ameoteshwa kwenye chupa. Mtu aliyechanjwa anaweza kutoka chanya bila kuwahi kuumwa na kupe. Ukiendelea na Western blot, kipimo kinachotenganisha protini za bakteria kwa uzito na kuonyesha ni zipi zinashikwa na kingamwili za mtu, utaona mstari mzito kwenye kilodaltoni 31. Usiuhesabu. Vigezo vilivyokubaliwa Dearborn, Michigan, mwaka 1994 na kuchapishwa mwaka uliofuata vinataka mistari 5 kati ya 10 kwa IgG, yaani kingamwili zinazokuja baadaye, na OspA haimo kwenye hiyo kumi. Kwa IgM, yaani kingamwili za mwanzo, vinataka 2 kati ya 3, na mmojawapo ni wa OspC, kwa sababu mwili huonyeshwa hiyo mapema. Na kama maabara yako ina kipimo cha C6, hicho kinatumia kipande cha VlsE kisichobadilika, protini ambayo bakteria huitengeneza kwa wingi akiwa ndani ya mnyama. Chanjo ya OspA haikigusi. Kwa hiyo kwenye fomu ya mgonjwa weka swali kama amewahi kuchanjwa dhidi ya Lyme, na lini, na ukiona mstari wa 31 umesimama peke yake, rudi usome jibu lake kabla ya kuandika chochote.